Mtetemo wa Pad na Mikono ya Baba

Kibet,

Umekwenda Soy kuagana na kogo, nyanya yako, na mvua imeanza kabla hata hujafika kwake, kwa hivyo najua hutarudi mapema. Nimebaki na alasiri nzima na nyumba yote peke yangu. Nimekaa kwa kiti chako, kile cha karibu na dirisha, kwa sababu hapa ndipo kuna mwangaza. Ukiona mwandiko umelala huku na kusimama kule, unajua sababu. Kalamu naishika katikati ya vidole viwili vile ulinionyesha, na bado inaniponyoka nikiacha kuiangalia.

Kesho asubuhi lori la kampuni litakuchukua hapo barabarani, uende Marsabit kupasua mawe ya barabara. Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na kupiga simu ukifika tumeyasema mpaka umechoka, sitayarudia. Kuna jambo lingine ambalo mdomo wangu haukulipata. Ulipokuja na habari kwamba umepewa kazi ya drili, nilinyamaza, na ukafikiri nimekasirika. Ukaniuliza jikoni, "Baba, kwani hutaki niende?" Nikakwambia, "Nenda. Kazi ni kazi." Hilo halikuwa jibu. Jibu ni hili, na ni refu kidogo.

Hukuniona nikifanya kazi ya msitu. Ulikuwa mdogo, na mimi nilikuwa natoka nyumbani ukiwa umelala. Nilikuwa mtu wa power saw, msumeno wa injini, huko Ainabkoi, na nilikuwa mzuri, wacha nijisifu kwa kuwa hakuna mtu hapa wa kunicheka. Nilikuwa naangusha mti wa msaipres ukalala palepale nilipotaka ulale. Lakini ile mashine hutetemeka kuanzia unapovuta kamba asubuhi mpaka unapoizima jioni. Ukishaizima, mikono inaendelea. Unashika kikombe, chai inacheza. Unalala, unasikia bado inanguruma ndani ya mifupa. Sisi tuliona ni kawaida. Tulikuwa tunachekana nani amemwaga chai nyingi.

Halafu vidole vikaanza kufa. Asubuhi za baridi vilikuwa vinageuka rangi, vinakuwa kama vya mtu aliyekanda unga, na ukivibana husikii kitu. Damu ikirudi ndipo unajua ni vyako, maana vinauma kama vimewekwa juu ya jiko. Ilifika mahali siwezi kufunga vifungo vya shati. Mama yako ndiye alikuwa ananifunga, amesimama mbele yangu, wewe umelala hapo nyuma ya pazia.

"Ambia huyo mwenye kazi," aliniambia siku moja.

"Nimwambie nini? Kwamba siwezi kuvaa shati?"

"Mwambie mikono inakufa."

"Nikimwambia hivyo, kesho ataleta mtu mwingine."

Alimaliza kifungo cha juu, akanirekebisha kola, akaniacha niende. Mimi nikaona nimeshinda hayo mazungumzo.

Niliendelea hivyo mpaka siku ile saw iliporuka. Nilikuwa nafikiri nimeishika imara, na kumbe mkono wa kushoto ulikuwa umelegea kitambo, mimi sina habari. Ilipita kwenye kiatu, ikapasua mpira wa gumboot juu ya vidole vya mguu, mguu wenyewe ukapona. Niliizima, nikaiweka juu ya kisiki, nikatembea mpaka barabarani. Daktari aliniambia mishipa imeumia na haitarudi kuwa kama zamani. Nikiacha mashine na kujikinga na baridi, haitaharibika zaidi. Aliponiambia nijikinge na baridi nilimwangalia tu, maana alikuwa amevaa sweta mbili yeye mwenyewe. Halafu akasema, "Ungekuja mapema." Hayo maneno nimeishi nayo.

Baadaye nikapata kazi ya getini kule stoo ya mahindi, na mengine unayajua. Mama yako alipotuacha, wewe ukiwa darasa la saba, watu walijaa hapa wiki ile, na baadaye wakarudi kwao, kama inavyopaswa. Tukabaki wawili. Sikujua kwamba yeye ndiye alikuwa anaongea kwa niaba yetu sote. Ulikuwa unamwambia yeye, naye ananiambia mimi. Sasa ukirudi shule unasema "Baba, nimefika," nami nasema "Chakula kiko hapo," na hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu.

Jirani yetu aliyehamia Kitale ndiye alikuachia ile mashine ya gemu ya zamani, ile kubwa nyeusi iliyokuwa inapumua kama jogoo mgonjwa. Nilikuwa naisikia nikiwa jikoni, na wewe nakusikia ukicheka peke yako. Nilikuwa nasimama nikiwa na mwiko mkononi, nasikiliza. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu mazishi. Sikujua mtu anaingiaje mahali kama hapo.

Ukaniita wewe. "Baba, kuja ushike hii tucheze pamoja." Ilikuwa gemu ya magari. Ukanipa pad, kile kidude cha kuendeshea, ukanionyesha kidole hiki ni cha mafuta na hiki ni cha breki. Nilikuwa na furaha, Kibet, nataka ujue hivyo. Gari langu likaenda kidogo, likatoka barabarani, likagonga ukuta, na pad ikatetemeka mikononi mwangu. Siku hiyo kulikuwa na baridi. Ilikuwa kama mtu ameniwashia saw ndani ya vidole. Niliiachilia ikaanguka kwa simiti, nikasimama, nikakwambia, "Huu ni upuzi wa watoto." Nikaenda nje kukaa kwenye baridi, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

Nilisema upuzi kwa sababu ni neno jepesi. Neno la kweli lilikuwa zito: inaniuma. Baba za wenzako darasani hawakuwa watu wa kuumwa na kitu cha kuchezea. Wewe ulichukua neno nililokupa, ungefanya nini lingine, ukaanza kucheza kwa sauti ya chini mlango ukiwa umefungwa. Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Nyumba ya vyumba viwili, na watu wawili wanaotafutana bila kujua.

Ulichonifundisha ni kwamba mtu anaweza kuuliza. Nilikuwa najaribu kuwasha kiberiti, njiti zinaanguka moja baada ya nyingine, na ukaja ukasimama mlangoni. Hukuja kunisaidia. Ulitazama tu, halafu ukasema, "Baba, ni mikono? Hata siku ile ya pad, ilikuwa ni mikono?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini?"

"Hivyo tu. Kwamba ni mikono."

Ukachukua kiberiti ukawasha jiko, ukaenda. Nikafikiri yameisha. Kumbe ulikuwa umeenda kutafuta bisibisi. Jumamosi hiyo ulifungua pad juu ya meza hii ninayoandikia, ukanionyesha ndani. Nilikuwa natarajia kitu cha ajabu. Kulikuwa na mota mbili ndogo, moja kila upande, na kila moja imebeba kipande cha chuma kilichokaa upande mmoja. Ile ya kushoto kubwa, ya kulia ndogo. "Hiki chuma hakijakaa sawa," uliniambia, "ndiyo maana kikizunguka pad inaruka. Hii kubwa ni ya kugonga ukuta. Hii ndogo ni ya mambo madogo madogo, kama changarawe." Nilishangaa kwamba kitu kidogo namna hiyo ndicho kilinifukuza chumbani. Ukakata nyaya, ukazitoa zote mbili, ukafunga. Pad ikawa nyepesi kama ganda la yai. Uliniambia gemu ya mpira ilikuwa na mahali pa kuzima mtetemo lakini ya magari haikuwa na mahali, kwa hivyo dawa ilikuwa ni hiyo.

Tukaanza kucheza. Mimi nilikuwa naendesha kama mzee anayepeleka maziwa, sipiti mtu, nasimama kabla ya kona. Ulicheka mpaka ukalala chini. "Baba, hakuna polisi hapa," ulisema. Hizo jioni ndizo ninazozikumbuka nikiwa getini na hakuna lori linaloingia.

Halafu stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, na ile mashine ikanyamaza kabisa. Ulikuwa umemaliza shule, unafanya vibarua mjini, ukasema tukatafute nyingine. Tukaenda kwa Abdi, yule wa duka la vifaa vya stima na simu, aliyekuwa amepanga skrini chumba cha nyuma vijana wakicheza. Nilijua unaenda huko wikendi. Sikujua unaenda kufanya nini hasa.

Abdi alikuwekea mbili. Ya kwanza ilikuwa mashine kubwa kama ile wanayotumia chumba cha nyuma. Alikupa pad yake, ukaendesha, na nilikuwa nakutazama uso, sikuwa natazama skrini. Uliinama mbele. Mikono yako ilikuwa inageuza gari kabla macho hayajaona kona.

"Hii inakwambia barabara," Abdi alisema. "Tairi likianza kuteleza, unalisikia kwa kidole kabla halijateleza. Vijana wakishazoea hii, ukiwapa isiyotetemeka wanaendesha kama wamevaa glavu."

"Na inazimika?" ulimuuliza.

"Mtetemo? Inategemea gemu. Nyingine zina mahali pa kuzima, nyingine hazina."

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi, na pad zake zinachomoka pande zote mbili, kila mtu anashika nusu. Ukamuuliza Abdi swali lilelile. Akasema hiyo unazima mara moja, na gemu zote zinatii. Lakini akakwambia pia, "Ile ya magari unayopenda haiko kwa hii. Hii ina magari ya katuni." Ukanipa nusu moja nishike. Ilikuwa ndogo kama kisanduku cha kiberiti ukilinganisha na zile kubwa, haikunichosha.

Nikakuuliza, "Ni ipi nzuri?"

"Zote ni nzuri, Baba. Tuchukue hii ndogo."

Nikafikiri umependa udogo wake. Nikafikiri vijana siku hizi wanapenda vitu vidogo. Tukarudi nayo nyumbani Yamumbi, na kwa miaka hii tumecheza magari ya katuni, mimi nikiwa dereva mwenye kichwa cha uyoga na wewe sijui ni mnyama gani, na nyumba ikawa na sauti.

Mwaka jana ndipo nilipopita kwa Abdi kununua waya wa kuchajia. Akaniuliza habari zako. Nikasema uko salama. Akasema, "Mzee, huyo kijana alikuwa mkali hapa. Kwa magari hakuna aliyekuwa anamgusa. Walikuwa wanataka kumpeleka Nakuru ashindane. Baadaye akawa akija anashindwa na watoto, mwishowe akaacha kuja."

"Kwa nini?"

"Mikono inataka mazoezi, Mzee. Nilimwambia siku ile, chukua ile kubwa. Akaniambia, hiyo kubwa ni ya mtu mmoja."

Nilisimama hapo na waya wangu. Abdi akaanza kuhudumia mtu mwingine. Unajua, nimeangalia watu wakikosa vitu vingi, lakini sikuwahi kuwa kitu ambacho mtu amechagua badala ya kingine bila kuniambia. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka kukukaripia na sikujua nitaanzia wapi.

Ndiyo sababu Jumamosi iliyofuata nilikwambia tuende mjini, nikakupeleka mpaka chumba cha nyuma cha Abdi, nikasema, "Kaa. Endesha ile kubwa nione." Uliniangalia, ukajua kwamba nimejua. Hatukusema kitu juu ya hilo, na mpaka leo hatujasema. Mara ya kwanza uligonga. Mara ya pili pia. Vijana walikuwa wananong'ona. Mara ya tatu mikono ilianza kukumbuka, nikaona uso wako ukienda mahali pale pa zamani.

Ukasema bila kutoa macho kwa skrini, "Baba, weka mkono hapa. Sio vidole. Kiganja."

Nilisita, halafu nikaweka kiganja juu ya mkono wako, hapo nyuma ya pad. Kiganja changu bado kinasikia, ni vidole tu vilivyokwenda. Nikasikia mngurumo mdogo, laini, ukipita kutoka kwa pad hadi kwako na kutoka kwako hadi kwangu. "Hiyo ni lami," ulisema. Halafu ukaacha gari litoke kando kidogo, na ikawa kama mvua ya mawe mbali juu ya mabati. "Hiyo ni changarawe." Haikuniuma. Sikuwa nimekugusa mkono tangu siku tuliyomzika mama yako. Ulimaliza barabara yote mkono wangu ukiwa hapo, na hukuja wa kwanza, ulikuja wa tatu, na hakuna kijana aliyecheka.

Sasa unaenda kushika drili ya mawe. Mtetemo wa pad hauna madhara, daktari mwenyewe aliniambia nilipomuuliza baadaye, ulikuwa unaamsha tu ugonjwa ambao tayari upo. Wa drili ndio ndugu yake saw. Najua watakupa glavu, na labda watakuwa na msimamizi mzuri anayebadilisha watu. Sina shida na hayo. Shida yangu ni wewe, kwa sababu wewe ni mtu wa kuchagua mashine ndogo na kusema zote ni nzuri. Ulifanya hivyo kwa ajili yangu na nimekula matunda yake, siwezi kusema ulikosea. Lakini usimfanyie hivyo mwenye kampuni. Siku kidole kimoja kitakapochelewa kuamka asubuhi, usiseme nimelalia mkono. Mwambie mtu siku hiyohiyo. Akisema ataleta mwingine, mwache alete, wewe panda gari urudi. Nitakuwa hapa, sitakuuliza kwa nini umerudi.

Na ukiumwa na kitu kingine kisichoonekana, upweke au chochote, usitafute neno jepesi la kukifunika kama nilivyofanya mimi. Nilipoteza karibu mwaka mzima na wewe kwa neno moja.

Jambo la mwisho, halafu niweke chai, maana mvua imepungua. Utapata ile mashine ndogo kwenye begi lako, chini ya koti. Najua uliiacha mezani kwa makusudi, na jana ulikuwa unanionyesha vile nitacheza peke yangu. Nakushukuru, lakini mimi sitacheza peke yangu. Kule kambini kutakuwa na jioni ndefu na watu ambao kila mmoja anatazama simu yake. Chomoa nusu moja umpe mtu yeyote. Hata kama haongei. Hasa kama haongei.

Nimewasha mtetemo, usikie barabara tena. Nilitafuta mahali pake leo mchana, nikapotea, nikarudi mwanzo, mwishowe nikapata. Ulikuwa umeuzima tangu siku ya kwanza, na hukuwahi kuugusa tena. Baada ya kuuwasha niliendesha kidogo ili nihakikishe unafanya kazi. Nikatoka barabarani kwa makusudi, nikagonga ukuta. Ukaniingia vidoleni vilevile. Safari hii sikuiachilia. Niliishika mpaka ikanyamaza yenyewe, kisha nikaifungia kwenye begi.

Baba yako